Tembo wa Kichwa Chini

Sarafu haikwenda popote. Ilikuwa palepale ilipotua wiki iliyopita, juu ya mkeka, kando ya goti la Hadiya, na Hadiya alikuwa bado anaitazama kama mtu anayetazama kijiko cha chai.

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, usininunie. Nakupa kwa kifupi. Hadiya ni mjane. Mumewe Lukman, mpiga mbizi wa Kirumba, alizama upande wa Ukerewe akitafuta dhahabu katika meli ya Mjerumani iliyolala chini ya ziwa tangu vita vya zamani. Maiti haikupatikana. Aliyeleta habari ni Chenge, mwenzake wa kazi, aliyeapa kwamba alimwona Lukman kwa macho yake amenaswa kwenye vyuma, akashindwa kumtoa. Ikaswaliwa sala ya maiti asiyekuwepo. Hadiya akaingizwa eda nyumbani kwa mkwewe, Bimdogo, huku Buswelu.

Tangu hapo hatoki nje. Hajipambi, hajitii manukato, havai dhahabu. Mwanamume asiye wa kwao akija na neno, wanazungumza kwa pazia, tena Bimdogo akiwa amekaa hapohapo na tasbihi yake.

Na sasa upande wa pili wa pazia alikuwa ameketi mzee Nathaniel wa Mkolani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na ugonjwa wa kukusanya sarafu za kale. Yeye ndiye aliyeipitisha ile sarafu ya dhahabu, yenye picha ya tembo, chini ya pazia.

"Umeiona, mama?" aliuliza. "Hebu tazama walivyoniharibia! Imekaa ziwani miaka yote hiyo, maji yameitunza, matope yameitunza. Halafu anatokea mtu na gesi yake, anailehemu kipete. Kipete! Eti iwe kidani!"

"Punguza sauti, baba," Bimdogo alisema. "Nyumba hii ina msiba."

"Nisamehe, mama. Ila inauma. Sarafu ya kale haichomwi, haisuguliwi, haifutwi hata kwa leso. Mimi zangu nazishika pembeni kwa ncha za vidole, mke wangu ananicheka. Na angekuwa amelehemu vizuri basi! Kipete chenyewe kimewekwa chini ya miguu ya tembo. Ukiivaa, tembo anasimama kwa kichwa, miguu juu. Huyo sonara alikuwa amelewa?"

Hakuwa amelewa. Alikuwa Yunus, mdogo wake Lukman, mwenye kibanda cha usonara mjini, na siku hiyo alikosea tu kwa sababu ya haraka ya sikukuu. Alipotaka kuirekebisha, Hadiya alikataa.

"Iache hivyohivyo," alimwambia. "Watu wakinitazama, tembo amepinduka. Nikiinua mimi mwenyewe nikiwa nimeivaa, amesimama sawasawa. Huyu tembo ni wangu, siyo wao."

Lukman alicheka mpaka akashika mbavu. Ndiye aliyeitoa sarafu ile majini, ndiye aliyemvisha mkewe shingoni.

Hakuna tembo mwingine wa kichwa chini Mwanza nzima. Hadiya alijua anachokiangalia. Moyo ulipaswa kuruka, na haukuruka. Tangu siku ya habari mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona uko pale lakini ukiuminya si wako. Aliambiwa kula, alikula. Aliambiwa lala, alilala. Wanawake waliokuja kumpa pole walimsifu kwa subira, naye alikuwa hana subira wala nini, alikuwa na ganzi.

Kitu kimoja tu alikisikia. Tasbihi ya Bimdogo ilikuwa imenyamaza.

"Umeipata wapi, baba?" Hadiya aliuliza.

"Hadiya!" Bimdogo alimkemea. "Mwenye eda hasemi ovyo na wanaume."

"Nauliza tu, mama."

"Kwa Chenge," Nathaniel alijibu bila hila. "Kaniletea dukani juzi. Nami nikasema, ngoja nifike nitoe pole kwa wafiwa, halafu niulize kama marehemu aliacha nyingine. Afadhali zije kwangu zikiwa nzima kabla hazijaangukia kwa huyo wa gesi."

"Hakuacha kitu," Bimdogo alisema. "Asante kwa pole yako. Karibu siku nyingine."

"Nakwenda, mama, nakwenda. Ila wale vijana wawili hapo mbele kwenye kibanda cha soda ni walinzi wenu? Wameniuliza nakuja kwa nani."

"Wapita njia tu."

"Wapita njia wana viti?"

Na kabla mzee hajainuka, sauti ikatoka uani.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa ya Chenge. Tangu msiba alikuwa akija kila Ijumaa na samaki, sato wanene waliotungwa kwenye kamba, na daima aliingilia mlango wa uani. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Walisema marafiki wa namna ile siku hizi hawapatikani.

"Karibu, Chenge," Hadiya alisema upesi kabla mkwewe hajafungua mdomo. "Pita sebuleni. Una mgeni wako."

Pazia lilikuwa jepesi. Hadiya aliona kivuli kirefu kikiingia, kikisimama, kikirudi nyuma. Kisha akasikia samaki wakidondoka sakafuni.

"Aaa, bwana Chenge!" Nathaniel alifurahi kama mtoto. "Umekuja wakati mwafaka. Hebu waambie hawa ile sarafu uliitoa wapi."

"Sarafu gani?"

"Ya tembo. Uliyoniletea juzi."

"Mimi?"

"Chenge, nimekunywesha chai, ukala na chapati. Alikuwa pacha wako?"

Chenge akakohoa. Akatazama mlango wa uani, akatazama pazia. Halafu, jamani, mwanamume mzima yule, mabega kama ya punda, akapiga magoti.

"Shemeji," alisema, "shemeji yangu, nisamehe. Shetani alinipitia."

"Sema."

"Siku ile nilipomkuta chini, amenaswa... nilivuta, shemeji, nilivuta mpaka hewa ikawa inaniishia. Nikaona kitu kinang'aa shingoni kwake. Nikasema, basi, kama mwenyewe siwezi kumtoa, nitoe hata hiki nikampe mke wake. Nikakata uzi kwa kisu. Nilipofika juu, tamaa ikanishika. Nikaificha. Toka siku hiyo sina usingizi. Nikaona niiuze, iniondokee."

Akalia. Na alilia vizuri, siyo kilio cha kuigiza. Mzee Nathaniel akatoa leso yake, ile isiyogusa sarafu, akampa. Hata mimi ninayewasimulia, na mambo yote nayajua, nilikuwa karibu nimwonee huruma.

"Shingoni," Hadiya alisema.

"Shingoni kabisa, shemeji."

"Na ilikuwa inang'aa."

"Kwenye tochi, ndiyo. Ilikuwa inang'aa."

"Umekuwa na Lukman tangu lini, Chenge?"

"Tangu tuko vijana. Kirumba palepale."

"Umewahi kumwona amevaa dhahabu?"

Chenge akaokota samaki mmoja, akamweka tena chini.

Unaona alipojikwaa? Chenge ni mtu wa kanisani. Kwao bwana harusi huvishwa pete ya dhahabu mbele ya watu na hakuna anayeguna. Lakini Lukman alilelewa na Bimdogo, na kwa Bimdogo dhahabu kwa mwanamume ni haramu, hakuna mjadala. Siku ya ndoa Lukman alivaa pete ya fedha. Mzungu mmoja aliwahi kumzawadia saa ya rangi ya dhahabu kwa kumfungulia nyavu zilizozonga pangaboi la boti yake, akairudisha bila hata kuuliza kama ni dhahabu kweli. Aliitoa dhahabu majini, aliishika, aliipeleka kwa wanunuzi. Kuivaa, hata kwa mzaha, hakuwahi.

"Labda siku hiyo..." Chenge alianza.

"Na hata kama angevaa," Hadiya aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "asingevaa hii. Hii ni yangu. Siku uliyoleta habari ilikuwa shingoni mwangu. Mama ndiye aliyeivua, kwa mikono yake, na wewe ulikuwa umekaa hapohapo sebuleni ukipewa maji ya kunywa."

Chenge alishusha kichwa. Nathaniel alimtazama yeye, akatazama pazia, na polepole ikaanza kumwingia kwamba amekuja kutoa pole akiwa na kidani cha mfiwa mfukoni.

"Mimi niliinunua kwa nia njema," alinong'ona.

"Najua, baba. Kaa." Hadiya akamgeukia mkwewe. "Mama, naomba kile kitambaa chenye vitu vyangu."

"Vya nini? Eda haijaisha."

"Sivai. Natazama tu."

"Ufunguo sijui nimeuweka wapi."

"Umeufunga kwenye upindo wa khanga yako."

Bimdogo alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Wakwe wenzake walimwogopa, wauza mkaa walimwogopa, hata imamu alipima maneno mbele yake. Lakini safari hii ndiye aliyetii, akafungua fundo la khanga. Alivuta sanduku kutoka uvunguni, akalifungua, akatoa kitambaa cha kijani kilichofungwa imara, akakiweka mkekani bila kukifungua.

Hadiya alikifungua mwenyewe. Vipuli vilikuwepo. Bangili zilikuwepo. Pete yake ilikuwepo. Mkufu ulikuwepo pia, mtupu, hauna kitu.

"Lahaula!" Nathaniel alichungulia pembeni ya pazia, akasahau adabu zote. "Mama mzima! Unauza dhahabu ya mkwe wako akiwa kwenye eda?"

"Koma!" Bimdogo alisimama. "Koma kabisa! Mimi sijawahi kuiba hata sindano ya mtu. Nimelea watoto wa watu, nimetunza amana za mtaa mzima, leo unaniita mwizi nyumbani kwangu?"

"Sasa imetoka vipi sandukuni?"

"Sikuiuza! Mwenyewe alikuja kuichukua."

"Mwenyewe ni mimi, mama," Hadiya alisema.

Bimdogo alimtazama. Hasira yote ikamwishia, akaketi kama gunia lililofunguliwa.

"Aliyeizamia," alisema.

Nje kuku alilia.

Haya, msomaji. Mwanamke mwingine angepiga yowe. Angeanguka, angecheka, angemkumbatia mkwewe wakazunguka chumba kizima. Mumewe yu hai! Hadiya aliitafuta furaha hiyo ndani yake kama mtu anayepapasa kiberiti jikoni gizani. Aligusa hiki, akagusa kile. Haikuwepo.

"Lukman," alisema.

Bimdogo akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Alikuja lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapohapo ulipo. Ulikuwa umelala."

"Aliniona?"

"Mwanangu, yaache hayo."

"Aliniona, mama?"

"Alifunua pazia. Alikutazama."

"Akasema nini?"

Bimdogo akafuta uso kwa ncha ya khanga. Alikuwa anaweza kudanganya, nafasi ilikuwepo, na nadhani angependa. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Alisema, mwacheni akae. Maadamu Hadiya yuko eda, hakuna atakayenitafuta."

Chenge ndiye aliyemalizia, bado akiwa magotini kati ya samaki wake. Walikuwa wamelipata kasha. Siyo sarafu mojamoja za kuokota kwenye matope, kasha zima, na tembo wamejaa humo. Waliowapa boti na mitungi ya hewa ni watu wasiogawana na mtu. Wawili waliozamia kabla yao hawakurudi kwao. Lukman akaona afadhali afe yeye mwenyewe kwa mdomo wa Chenge kuliko kuuawa kwa mikono ya wale. Kasha akalificha mahali ambapo hata Chenge hakuambiwa.

"Kasha zima?" Nathaniel alinong'ona, macho yakimng'aa. Kisha akaona aibu, akatazama viatu vyake.

"Kuuza zile haiwezekani," Chenge alisema. "Ikionekana mpya moja tu mjini, watajua. Akaona achukue hii, imeshaonekana shingoni kwako, ni ya zamani. Alinipa niipeleke Bukoba, apate cha kula huko alikojificha. Mimi nikaona Bukoba mbali, na meli yenyewe inachelewa, na mzee Nathaniel yuko hapa Mkolani..."

"Mvivu wewe!" Bimdogo alimfyokea. "Umetumaliza kwa uvivu!"

"Na wale wa kibandani?" Hadiya aliuliza.

Bimdogo alisogea, akamshika mikono miwili.

"Ni watu wa wale wenye boti," alisema. "Wapo tangu msiba. Hawana hakika, mwanangu. Kila wiki wanauliza majirani, mjane bado yuko ndani? Bado amevaa nguo za eda? Wakiambiwa yuko ndani, wanarudi kukaa. Wewe ndiye uliyemlinda. Umebakiza kidogo tu umalize, halafu watachoka waende zao, naye atakuja kukuchukua usiku mwende mbali. Nilitaka kukuambia. Wallahi nilitaka. Lakini ningekuambia ungecheka, ungekula, ungenenepa, wangejua."

Hadiya alisikia kila neno. Kumbe ndivyo. Zile pole alizopokea, yale macho makavu aliyokuwa anajilaumu kwayo usiku, yule mtu mfu aliyekuwa amegeuka yeye mwenyewe, vyote vilikuwa kitasa cha mlango wa mtu mwingine. Na mwenye mlango alikuja, akamtazama akiwa amelala, akaridhika kwamba kitasa kinafanya kazi.

Iliuma. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kumuuma tangu siku ile, na alishangaa kidogo.

Alichukua mkufu mtupu. Akaokota sarafu mkekani.

"Baba," alisema, "naiazima."

"Ichukue, mama, ichukue ni yako," Nathaniel alijibu. "Ila usiisugue."

Akapitisha mkufu kwenye kipete, akauvaa. Dhahabu ilikuwa ya baridi kifuani. Alipoinuka miguu haikutaka kumbeba, ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, akasimama ameegemea ukuta huku damu ikirudi na kumchoma kwenye nyayo kama siafu.

"Unafanya nini?" Bimdogo aliuliza.

Hadiya akavuta pazia. Akalivuta kwa nguvu, na kamba ikakatika, likaanguka lote. Chenge na Nathaniel wakageuza nyuso ukutani kama watu wenye haya.

"Hadiya! Hadiya, usitoke!" Bimdogo alimshika upindo wa nguo. "Wakikuona umevaa hiyo watajua! Ukitoka umemwua mwanangu!"

Hadiya alimtazama mama yule aliyepiga magoti. Alimhurumia, kweli alimhurumia. Ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko wiki zile za mwanzo.

"Mwanao alikufa, mama," alisema taratibu. "Mimi nimemkalia eda."

Akaulegeza mkono ule kidole kwa kidole. Akapita kati ya samaki. Akafungua mlango wa mbele, ule ambao hakuugusa tangu msiba, na jua la mchana likampiga usoni mpaka akafumba macho.

Alipoyafumbua, aliinua kidani akakitazama. Tembo alikuwa amesimama sawasawa, miguu chini. Akakiachia kikaning'inia juu ya nguo yake nyeupe.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha soda, mmoja wa wale vijana alimtazama usoni. Kisha akamtazama kifuani. Akaweka chupa chini kabla hajaimaliza, akatoa simu.

"Bosi," alisema, "mjane amevaa dhahabu."